Ruzuku ya mafuta: serikali ichangie petroli, au fedha hizo zije kwenye gesi na maji huku Kusini?

Kuchele (mleta uzi)
Salaam wakuu. Leo Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wametoa bei kikomo za mafuta, na kijiweni kwetu hapa Mtwara mjini hakuna aliyeongea jambo lingine. Kijana wa bajaji anataka serikali irudishe ruzuku kama ya 2022. Mzee mmoja akamjibu kuwa ruzuku ile haikumfikia hata senti, maana hana hata baiskeli.

Mimi nasimama na mzee. Juni 2022 serikali ilianza kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei ya mafuta isipae. Mafuta yenyewe yametoka ng'ambo, na mengi yanachomwa kwenye foleni za Dar. Wakati huohuo sisi tuna gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, na jirani zetu wa Lindi wana ya Songo Songo tangu 1974. Watu wetu wanapikia mkaa. Newala wananunua maji kwa dumu. Kwa nini fedha ya umma iende kwenye kitu kinachoisha siku hiyohiyo kwenye tangi la gari? Leteni hoja.

Dereva wa Masasi
Mkuu, huyo mzee asiye na baiskeli anakula nini? Unga, sukari, sabuni, saruji, vyote hivyo vimepanda lori. Mimi naendesha fuso Mtwara–Masasi–Tunduru. Dizeli ikipanda, tajiri anapandisha bei ya mzigo, mwenye duka naye anaipandisha, na wa mwisho kulipa ni mzee huyohuyo. Agosti 2022 petroli ilivuka 3,400 kwa lita pale Dar na ruzuku ikiwa ndani. Isingekuwepo tungekuwa wapi? Dunia nzima ilikuwa imetikiswa na vita ya Ukraine.

Mnachanganya ruzuku ya dharura na ruzuku ya kudumu. Ile ya kudumu hata mimi naikataa. Ya dharura ilituokoa.

Msangamkuu
Dereva umenena. Na sisi wavuvi mmetusahau. Mashine ya boti inakunywa petroli kuliko bodaboda kumi. Nikienda mbali kufuata jodari, zaidi ya nusu ya matumizi ya safari ni mafuta. Nikirudi mtupu, deni liko palepale kwa mwenye chombo. Petroli ikipanda tunavua karibu na miamba, ambako samaki ni wadogo na wanazidi kupungua. Anayesema ruzuku ya petroli ni ya matajiri aje alfajiri moja ufukweni atuone.

Mwalimu wa Hisabati
Naomba niweke namba mezani.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Bilioni 100 ukiigawa kwa kila mtu unapata takribani shilingi 1,620 kwa mwezi. Mtwara na Lindi kwa pamoja tuko zaidi ya milioni 2.8, kwa hiyo fungu letu kwa haki ya vichwa lingekuwa kama bilioni 4.5 kila mwezi. Sasa jiulizeni: kwa lita zinazouzwa vituo vya Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea na Kilwa, tulipata bilioni 4.5? Ruzuku ya lita inamfuata mwenye lita nyingi. Mwenye gari mbili Masaki anachota mara nyingi, Msangamkuu anachota kidogo, na mzee wa kijiweni anachota kupitia bei ya unga tu. IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) walipima jambo hili kwenye nchi zinazoendelea mwaka 2012 wakaona asilimia 20 ya juu ya wenye nacho inapata zaidi ya mara sita ya kile kinachopatwa na asilimia 20 ya chini.

Kwa hiyo Dereva hajakosea kwamba maskini anaguswa. Ila kumgusa maskini kwa njia hiyo ni ghali mno.

Pweza wa Mikindani
Nimekaa mbele kabisa, mihogo ninayo. Endeleeni.

Newala Juu
Asante mleta uzi kwa kututaja. Wengi hapo mjini hawajui kwamba huku uwandani hakuna mto. Maji ya mradi wa Makonde yanavutwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, chini kabisa, yapandishwe hadi Newala na Tandahimba. Kila ndoo ina gharama ya nishati ndani yake. Wakituuzia kwa gharama halisi, hakuna mkulima wa kawaida atakayemudu. Wakituuzia kwa bei ya chini sana, mamlaka inashindwa kulipa umeme na kutengeneza pampu, halafu bomba linakauka na tunarudi kununua dumu kwa mwenye kisima cha mvua, ambaye anatuuzia ghali kuliko bei halisi yenyewe.

Kwa hiyo mkisema "ruzuku mbaya" au "ruzuku nzuri" mimi nauliza: nani analipa pampu ikiharibika Septemba? Ninayoitaka ni ruzuku ya maji, lakini ilipwe kwa mamlaka kwa wakati, isiwe ahadi ya jukwaani.

Mchumi wa Ligula
Swali la Newala Juu ni la msingi kuliko tunavyodhani. Rasilimali adimu ukiishusha bei, watu wanaitumia kana kwamba haiishi. Punjab kule India wakulima walipewa umeme wa bure wa pampu tangu miaka ya 1990. Mavuno ya mpunga na ngano yalipanda kweli. Lakini maji ya ardhini yanashuka kila mwaka, visima vinachimbwa virefu zaidi, na mwenye pampu ndogo ndiye wa kwanza kukauka. Hakuna mwanasiasa anayethubutu kuiondoa ruzuku hiyo.

Kwa dunia nzima, serikali zilitoa ruzuku ya dola trilioni 7 kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe mwaka 2022. Trilioni saba! Ndiyo maana G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, waliahidi tangu 2009 kule Pittsburgh kuziondoa, na hadi leo ni maneno.

Kivinje Kongwe
Mchumi, hapo rekebisha. Hiyo trilioni 7 ya IMF haikutoka yote kwenye hazina za serikali. Fedha iliyotumika wazi kushusha bei ni kama trilioni 1.3. Iliyobaki ni madhara ambayo bei haiyahesabu: moshi, magonjwa, mabadiliko ya tabianchi, na kodi ambayo ingepaswa kutozwa. Ni hoja halali lakini usiiseme kana kwamba kuna mtu alitoa trilioni saba mfukoni.

Na Kuchele nawe, unaongea kana kwamba gesi haijawahi kupewa ruzuku. Gesi ya Songo Songo ilianza kwenda Dar mwaka 2004. Sehemu ya gesi hiyo iliwekewa bei ya chini sana kwa mkataba, ikaenda kuzalisha umeme Ubungo na kuendesha kiwanda cha saruji Wazo Hill, hadi mpango huo ulipofika ukomo Julai 2024. Miaka 20 rasilimali ya Kilwa ikiuzwa kwa bei ya kulindwa ili nchi ipate umeme nafuu. Hiyo nayo ni ruzuku, ila sisi wa Kilwa ndio tulioitoa! Nani aliandamana?

Kuchele
Kivinje, umeniongezea silaha. Hicho ndicho ninachokisema: tunachangia nchi nzima kwa bei nafuu, halafu tukitaka mabomba ya majumbani tunaambiwa bajeti haitoshi.

Mbezi Mwisho
Samahani mimi si wa huko, ila hili la "gesi yetu" siliafiki. Rasilimali ni ya Watanzania wote. Dhahabu ya Geita haiko kwa Wasukuma peke yao, umeme wa Bwawa la Nyerere hautabaki Rufiji. Halmashauri zenu zinapata ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni za gesi. Muulizeni diwani umekwenda wapi kabla ya kuilaumu Dar.

Aliyekuwepo 2013
Mbezi Mwisho, nakuheshimu, lakini soma kwanza yaliyotokea huku. Desemba 2012 watu waliandamana kupinga bomba la gesi kwenda Dar. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa, mji uliwaka, watu walikufa, wanajeshi wakaletwa. Hatukuwa wabinafsi. Watu waliambiwa viwanda vinakuja Mtwara, wakauza mashamba, wakajenga nyumba za kupangisha, kisha wakasikia gesi inaondoka. Bomba likajengwa kwa mkopo wa China wa kama dola bilioni 1.2, na deni hilo analipa kila Mtanzania, pamoja na mama wa Msimbati anayepikia kuni umbali mfupi kutoka kisima cha gesi.

Ushuru wa huduma ni haki yetu kisheria. Haizimi swali la nani ananufaika na bei nafuu.

Mkulima wa Tandahimba
Naona mnazunguka mbali, mimi niwape ya shambani. Ruzuku tunaijua vizuri sana sisi wa korosho, kwa sababu salfa tumepewa bure au kwa ruzuku misimu kadhaa. Faida yake nimeiona kwa macho: jirani ambaye hakuwahi kupulizia akapulizia, na ubwiriunga ukapungua eneo zima, pamoja na shambani kwangu. Ugonjwa haujui mpaka wa shamba, kwa hiyo ukimsaidia jirani umenisaidia na mimi.

Lakini matatizo nayo nimeyaona. Kuna mwaka mgao umefika maua yameshatoka. Kuna watu wameandikishwa mikorosho ambayo haipo. Na salfa ya bure ikaonekana dukani ikiuzwa.

Sasa mnasahau kwamba mashine ya kupulizia inatumia petroli. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu ya kupulizia, na ruzuku ya mafuta ya 2022 ilianza Juni. Kwetu ilikuja wakati wake kabisa. Dawa bure bila petroli ni mfuko umekaa stoo. Kwa hiyo Mwalimu, namba zako ni sahihi, lakini 1,620 kwa kichwa nisingepulizia nayo hata mkorosho mmoja.

Mwalimu wa Hisabati
@Mkulima hoja nzito hiyo. Nakujibu hivi: wewe una familia, tuseme mko sita, hiyo ni karibu 9,700 kwa mwezi. Kwa bei za wakati ule ni lita tatu kasoro kidogo. Ruzuku ya kituoni ingekushushia shilingi mia chache kwa lita tu. Ili kufikia 9,700 ungepaswa kununua lita nyingi mno. Una mashine ngapi?

Mkulima wa Tandahimba
Moja, na ya kuazimana na shemeji. Lakini Mwalimu, hiyo 9,700 yako nani angenipa mkononi? Kwenye karatasi imefika, kwangu haijafika.

Pweza wa Mikindani
Hapo Mwalimu kapigwa bao la kichwa.

Mchumi wa Ligula
Inawezekana kumpa mkononi. Iran, Desemba 2010, walipandisha bei ya mafuta kwa mkupuo na kuanza kuweka rial 455,000 kwa kila mtu kila mwezi kwenye akaunti za benki. Mwanzoni ilisaidia sana familia za chini. Tatizo ni kwamba kiasi kile kilibaki kilekile huku mfumuko wa bei ukikila mwaka hadi mwaka.

Sisi tuna TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, tuna simu za mkononi kila kijiji. Njia ipo. Tunachokosa ni orodha ya walengwa inayoaminika.

Dereva wa Masasi
Orodha! Hiyo ya TASAF kijijini kwetu ina mtu mwenye nyumba ya bati na pikipiki, na bibi anayeishi peke yake hayumo. Bei ya kituoni haina orodha, kila mtu anaiona ubaoni. Huo ndio uzuri wake na ndiyo sababu wananchi wanaipenda, hata kama wachumi hawaipendi.

Na mtazame Nigeria. Mei 2023 Rais Tinubu kaapishwa na siku hiyohiyo katangaza ruzuku basi. Petroli ikaruka kutoka chini ya naira 200 hadi karibu 500 na zaidi ndani ya siku chache. Nauli zikapanda palepale. Kenya, Septemba 2022, ruzuku ya petroli iliondolewa, Nairobi ikapanda shilingi 20 za kwao usiku mmoja hadi 179.30. Mwaka uliofuata wakairudisha kidogo, kwa sababu watu walikuwa wameungua.

Kilambo Mpakani
Dereva umetaja Nigeria bila kutaja mafuta yao yalivyokuwa yakiuzwa kwenye chupa barabarani Benin. Ukishusha bei kuliko jirani, mafuta yanavuka. Mimi niko karibu na Ruvuma, najua jinsi mzigo unavyovuka mto bila kupita forodhani. Petroli yetu ikishuka kwa 500 kuliko ya Msumbiji, fedha ya mlipa kodi wa Tanzania itawasha pikipiki za Palma.

Fundi Pampu
Si mpakani tu, hata ndani ya nchi. Wakumbuka mafuta ya taa? Yalikuwa na ushuru mdogo ili maskini awashe koroboi. Matokeo yake yakawa yanachanganywa kwenye dizeli, na sisi mafundi tukawa tunafungua injini zilizokufa kila wiki. Bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili kuua uchakachuaji. Injini zikapona. Koroboi za vijijini zikalipa. Hakuna aliyeleta kitu mbadala kwa wale wa koroboi wakati ule, taa za sola zilikuja baadaye na kwa mifuko yao wenyewe.

Mafuta yakiwa na bei mbili, yatachanganywa. Na mnaotaka petroli ya ruzuku kwa wavuvi tu, mjue itaishia kwenye bodaboda.

Msangamkuu
Fundi, kwa hiyo sisi tukose kwa sababu ya wezi?

Kivinje Kongwe
Msangamkuu ndugu yangu, kuna jingine zito zaidi ya wezi. Nimekulia baharini, na ninachokihofia ni meli kubwa za nje. Hizo ndizo zinazokula ruzuku za mafuta duniani, zinamudu kuja hadi bahari kuu karibu na kwetu kwa sababu serikali zao zinawalipia. Shirika la Biashara la Dunia lilipitisha mkataba Juni 2022 wa kupunguza ruzuku zinazomaliza samaki, na ulianza kutumika Septemba 2025. Haukugusa ruzuku ya mafuta moja kwa moja, ndipo walipokwama. Mimi ningetaka sisi wadogo tusaidiwe barafu, ghala la baridi na mashine zinazotumia mafuta kidogo. Mafuta ya bei nafuu yatatupeleka kumaliza samaki tuliobakiwa nao, halafu tutafanya nini na hayo mafuta?

Msangamkuu
Barafu naitaka. Ila barafu nayo inahitaji umeme, na boti inahitaji petroli ili barafu iwe na samaki wa kulazia. Nileteeni vyote.

Mama Lishe Chikongola
Wanaume mmejadili injini tangu asubuhi. Mimi napika. Nilipata mtungi wa kilo 6 wa ule mpango wa REA (Wakala wa Nishati Vijijini) wa nusu bei, nashukuru. Nilitumia gesi ile kwa raha, jiko safi, macho hayawashi. Ilipoisha ndipo nikajua ruzuku ilikuwa ya chuma, si ya gesi. Kujaza ni bei kamili, na inatakiwa fedha yote kwa mkupuo. Mkaa nanunua kopo kwa kopo kadiri wateja wanavyokuja. Mtungi sasa upo uvunguni.

Wanasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Mimi niko mji wenye gesi asilia. Wenzangu wa mitaa iliyofungiwa bomba wanasema ni nafuu kuliko mtungi na kuliko mkaa. Bomba halijafika kwetu. Ruzuku nitakayoitetea ni hiyo: gharama ya kunifikishia bomba, mara moja, halafu gesi nitalipia mwenyewe kila mwezi.

Kuchele
Mama Lishe umemaliza kazi yangu. Ruzuku ya kuunganisha, siyo ya kuchoma.

Likong'o Tunasubiri
Kuchele usimalize haraka, sisi wa Lindi bado tunasubiri LNG, ule mradi wa kusindika gesi iwe kimiminika. Vijana walioambiwa watapata ajira sasa wana wajukuu.

Aliyekuwepo 2013
Subirini kwa amani, ila msiuze mashamba.

Mbezi Mwisho
Nimesoma kote. Mama Lishe kanigusa, ila niulize: umeme si ndivyo ulivyofanyika? Kijijini unaunganishwa kwa 27,000 wakati mjini ni 320,960 tangu 2022. Na mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa 100 kwa uniti kabla ya kodi. Na hiyo REA inapata sehemu ya fedha zake kwenye tozo ya mafuta. Yaani mwenye gari Dar, akiwa kwenye foleni mnayoisema, analipia nguzo za Nanyamba. Mkipunguza tozo kwenye petroli, nguzo zitalipwa na nani?

Fundi Pampu
Swali zuri. Na ongeza ya barabara: 2021 waliweka shilingi 100 kwa lita kwa barabara za TARURA (za vijijini na mijini), 2023 wakaweka 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Kwa hiyo kusema Tanzania inatoa ruzuku ya mafuta si sahihi ukichukua mwaka mzima. Tunayatoza sana, na ile miezi ya 2022 tulirudisha kidogo.

Dereva wa Masasi
Basi 2022 wangepunguza tozo tu badala ya kuzungusha bilioni mia.

Mwalimu wa Hisabati
Matokeo kituoni ni yaleyale, Dereva. Tofauti ni kwamba ukipunguza tozo, mfuko wa barabara na REA ndio unaopungukiwa. Bilioni 100 ilielezwa kuwa imetokana na kubana matumizi ya serikali. Barabara ya kwenda Newala haikuguswa.

Newala Juu
Haikuguswa kweli, hata kwa kuparuliwa. 😂

Ila hapo kwa Mbezi Mwisho nakubaliana naye kwa mara ya kwanza. Umeme umenifikia kwa 27,000 na nipo chini ya uniti 75. Bila hiyo nisingekuwa humu naandika. Sasa kwa nini umeme wa pampu ya Mitema usihesabiwe kwa bei ya namna hiyo? Mamlaka ya maji inalipa kama kiwanda, wakati inachozalisha ni maji ya kunywa.

Mchumi wa Ligula
Kwa sababu ya Punjab. Ukishusha bei ya umeme wa pampu…

Newala Juu
Mchumi, Punjab wanamwagilia mpunga. Sisi tunataka ya kunywa na kuoga. Hakuna mtu Newala atakayeacha bomba wazi usiku kucha, tumelelewa kwa kuhesabu vikombe.

Mkulima wa Tandahimba
Nakazia. Na mkumbuke ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Zamani sehemu yake kubwa ilirudi kwenye mfuko wa zao, sheria ikabadilishwa 2018. Salfa ilikuwa inatoka humo. Kabla ya kuomba ruzuku yoyote mpya mimi ningeuliza kilichokuwa chetu kinarudi kwa kiasi gani.

Dereva wa Masasi
Naingia barabarani, nitawasoma usiku. Ila jibuni hili: bei ikipanda Jumatano, nauli na bei ya unga zinapanda Alhamisi. Bei ikishuka mwezi unaofuata, nani humu aliwahi kuona unga umeshuka? Mwalimu, kwenye hesabu yako ya ruzuku ya kituoni, ile iliyobaki kwa mwenye duka umeiweka wapi?

Mwalimu wa Hisabati
Sijaiweka. Nitumieni bei za unga za Masasi, Newala na Lindi kuanzia Mei hadi Desemba 2022, mwenye daftari la duka. Nitazipanga pembeni ya bei za EWURA za miezi hiyo.

Mama Lishe Chikongola
Mimi ninalo daftari. Nitapiga picha jioni nikifunga.